Koti la Amplifaya

3 Machi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na ule mguu umeacha kukusumbua. Mimi sijambo, kasoro kidole nilichokitoboa na sindano ya cherehani pale kiwandani. Kimevimba kidogo, lakini nyuzi za gitaa bado nazibana. Jirani yako kaniambia kwenye simu kwamba siku hizi hata honi ya lori huisikii. Mama jamani, tembea pembeni ya barabara. Na mimi nimekubali yaishe: simu tuwaachie majirani, sisi tuandikiane kama watu wa zamani. Kondakta wa basi amesema atakuletea barua mpaka mlangoni, ila anaomba umtengenezee redio yake bure. Nimemjibu kwamba bure kwako haijazaliwa.

Sasa nije kwenye shida. Unajua bendi yetu hupiga kwenye harusi za Jumamosi kwa amplifaya ya kuazima. Mwenyewe kaoa, na mkewe hataki kuiona ikitoka nje, kwa hiyo nimebaki na gitaa lisilo na mdomo. Juzi nikitoka kazini nikapita kwenye duka la vitu vikuukuu la mzee mmoja ambaye mtaa mzima unamwita Makorokoro. Nyuma ya majokofu yaliyokufa nikaona amplifaya ya zamani, kubwa kama sanduku la nguo, imejaa vumbi. Haina jina mbele, herufi zimeng'oka zikabaki alama za gundi. Makorokoro anasema ni ya transista, si zile zenye taa za kioo ndani, lakini mzee yule hata pasi anaweza kukuuzia kama redio.

Kitu cha kuchekesha: nilipoingia tu, kabla hata sijasalimu, akavua miwani akasema, "Umerudi, binti? Nilikwambia utajuta." Nikacheka. Nikajua ndiyo biashara yake, anamwambia hivyo kila anayeingia.

Mama, wewe umefungua mitambo hii maisha yako yote. Niangalie nini, nisije nikauziwa mbuzi kwenye gunia?

Mwanao,
Kiherehere


9 Machi

Kiherehere wangu,

Marahaba mwanangu. Mimi mzima, mguu mzima, masikio ndiyo yameniaga. Nimeinamia spika za watu tangu ujana, sasa zimedai chao. Siku hizi nikitengeneza redio naweka kiganja juu ya spika, nasikia kwa mkono. Wateja wanadhani naibariki. Hicho kidole kiloweke kwenye maji ya chumvi, na uache kushona huku unaota gitaa.

Kuhusu amplifaya. Kwanza, usiichekee. Makorokoro akiona jino lako tu, bei imepanda. Ingia umenuna, kama umetumwa na mtu usiyempenda.

Mwambie aiwashe. Zile za taa husubiri zipate moto ndipo ziseme. Ya transista husema papo hapo, kwa hiyo ikisema papo hapo mzee hajakudanganya. Wakati anawasha, wewe macho kwenye karatasi ya spika. Ikiruka kidogo ikarudi mahali pake, sawa. Ikisukumwa mbele ikabaki huko huko, izimeni haraka, maana transista kubwa zimekufa na spika itazifuata. Zungusha kila kinachozunguka. Kikikwaruza, hilo ni vumbi, si ugonjwa. Mngurumo mdogo usiukimbie, uzee una mngurumo wake. Mngurumo unaolifunika gitaa ndio mbaya, hapo vikopo vya kapasita, vile vinavyotunza umeme, vimechoka. Na unuse! Harufu ya vumbi la moto ni ya kawaida. Harufu ya samaki aliyeungua, aga uondoke.

Kisha igeuze. Mtambo wa zamani usiutazame usoni, utazame mgongoni, kwa sababu usoni watu hupaka rangi. Nyuma kuna kibati chenye namba, niandikie zote. Tazama na vichwa vya skrubu. Vikiwa vimeliwa, imefunguliwa mara nyingi, na kila aliyeifungua ameacha mkono wake ndani. Kubadilishwa vitu si aibu, aibu ni kubadilishwa na asiyejua. Lakini wewe usitie mkono humo, hata kama imechomolewa. Kapasita huweka kinyongo kama mama mkwe. Unadhani yameisha, kumbe anakusubiri.

Mwisho ni jaribio langu mwenyewe. Piga nyuzi zote kwa nguvu, na hapo hapo Makorokoro achomoe plagi ukutani. Mbovu itakata kama imekabwa koo. Nzima itaendelea kuimba bila umeme, kwa ile akiba iliyobaki tumboni, halafu itafifia taratibu. Nisikilizie inavyokufa, uniandikie.

Mama yako


17 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. U hali gani? Kidole kimepona, maji ya chumvi yamefanya kazi. Kondakta anasema ulimpa chai lakini redio hukuigusa. Nimecheka sana.

Nilikwenda nimenuna kama ulivyoniagiza. Makorokoro akauliza nani kafa. Tukaiwasha, ikasema papo hapo. Karatasi ya spika ikaruka ikarudi. Kimoja tu kinakwaruza, cha sauti nzito. Mngurumo upo, mdogo, wa mtu anayewaza. Harufu ni ya vumbi. Skrubu za nyuma mbili zimeliwa, nyingine nzima. Namba za kibati nimekuandikia kwenye karatasi nyingine. Ndani ina springi za kutoa mwangwi, na zinashtuka kwa kila kitu. Mtu akipita karibu yake akakanyaga ubao uliolegea, amplifaya inaguna. Makorokoro amezoea, anaijibu, "Pita tu, pita."

Halafu tukafanya jaribio lako. Nikapiga, akachomoa. Mama, iliendelea. Ilibaki inaimba pale gizani nyuma ya majokofu, plagi iko mkononi mwa mzee, naye anaitazama plagi na mimi naitazama amplifaya. Ikafifia polepole kama mtu anayeondoka chumbani akiimba. Na kabla sijajua nafanya nini, nikaigonga juu kwa vidole mara mbili, nikasema, "Haya, kalale." Sijui maneno hayo nimeyatoa wapi.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo nimelizunguka barua nzima. Mshikio wake hauko juu kama wa amplifaya nyingine. Uko ubavuni, wa ngozi, umefungwa kwa mkono. Na juu, karibu na kona, kuna doa la kuungua, refu, kama la kitu chenye ncha. Mama, mimi sisemi kitu. Nilikuwa darasa la pili siku Baba alipoibeba amplifaya yake kwenda kupiga kwenye harusi mji wa pili, asifike harusini wala asirudi nyumbani. Siikumbuki sura yake ile amplifaya. Lakini lile koti la turubai la kuivika, lililobaki kwako kitini, nalikumbuka, maana nilikuwa nalisalimia kila nikitoka shule. Nalo lina tundu ubavuni, la kutokezea mshikio.

Nijibu haraka.

Mwanao,
Kiherehere


6 Aprili

Mama,

Shikamoo. Kondakta kaapa kwamba barua alikupa mkononi, na kwamba uliisoma umesimama mlangoni, ukaingia ndani bila kumuaga. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Unaumwa? Nimekuudhi? Jirani anasema anakuona, unakwenda sokoni, unarudi, lakini mlango wa chumba cha kazi umeufunga na wateja wanarudishwa.

Amplifaya bado ipo. Nimemwomba Makorokoro asimuuzie mtu mpaka uniandikie. Andika hata mstari mmoja.

Mwanao


14 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Siumwi. Hukuniudhi. Barua yako niliiweka chini ya redio ya mteja, na kila nikitaka kuichukua, mkono unakataa.

Zile namba sikuwa na haja nazo. Mshikio wa juu baba yako aliuvunja akiirushia amplifaya garini, nami nikafunga wa sanduku la safari ubavuni. Doa la kuungua ni la chuma changu cha lehemu. Nilikilaza juu yake nikakimbia, kwa sababu wewe ulikuwa umeanguka jikoni na unalia. Na huko kuigonga mara mbili na kuiambia ikalale, hukukutoa hewani. Ndivyo alivyokuwa akiizima kila siku, wewe umekaa miguuni pake. Ni yake.

Siku ile aliondoka haraka, akaliacha koti kitini pake, kile kiti cha mbele ya meza yangu. Nililishona kwa turubai gumu, kwa hiyo likabaki limesimama, limeshika umbo kama lina kitu ndani. Sikulitoa. Unajua nimefanya kazi miaka yote nimelikabili, nalifuta vumbi, na hakuna aliyekalia kiti kile. Baba zako wadogo walipokuja kusema tukae msiba, niliwajibu kwamba mimi silii mtu ambaye sijaambiwa amekufa. Wakaniita mkaidi, nikawaacha waseme. Lakini mwanangu, kuwa nusu mke nusu mjane kunachosha kuliko kufiwa. Mjane analia, watu wanamletea uji, anamaliza. Mimi nani aliniletea uji?

Sasa nisikilize vizuri, maana amplifaya hiyo itasema alichokataa kusema mtu yeyote. Kama baba yako alivamiwa njiani siku ile, ndani itakuwa kama nilivyoifunga mimi. Spika yangu nilikuwa nimeikwaruza nyota mgongoni kwa ncha ya bisibisi. Kama aliondoka kwa miguu yake mwenyewe akaenda kuishi mahali, basi atakuwa ameibadilisha, kwa sababu ilikuwa imeshaanza kuchanika, na asingeweza kukaa bila kupiga.

Mkono wake naujua. Kulehemu nilimfundisha mimi, yeye kakaa kwenye kiti hicho hicho, tumetazamana. Akajifunza kila kitu kinyume, kama anayejiona kwenye kioo. Mimi nikisokota waya kwenda kulia, yeye kushoto. Waya mwekundu nikiuweka upande huu kwangu, yeye anauweka upande huu kwake. Nilimcheka mpaka mbavu zikauma. Na spika ikiwa moja hailalamiki, ukiifunga kinyume inaimba vilevile, kwa hiyo hakuona sababu ya kujirekebisha.

Nenda na betri ya tochi. Makorokoro afungue ubao wa nyuma yeye mwenyewe, wewe shika taa. Tafuta nyota yangu. Usipoiona, tazama miguu miwili ya spika, pale waya zinapofungwa, mmoja una nukta nyekundu. Waya mwekundu umeenda wapi? Halafu azichomoe waya za spika kwenye mtambo, mguse betri, chanya kwenye ule mwekundu. Karatasi ikitoka nje, spika imefungwa sawasawa. Ikiingia ndani, imefungwa kinyume. Fundi yeyote anaweza kukosea waya mmoja. Lakini hakuna fundi atakayekosea waya na bado azisokote zote kushoto.

Naomba uikute nyota yangu. Mungu anisamehe, naomba mume wangu awe amekufa siku ile.

Mama yako


22 Aprili

Mama,

Shikamoo. Sijui nikuulize vipi hali yako, na mimi hali yangu siijui.

Nyota haipo. Spika ni nyingine. Ina muhuri wa mwaka, na mwaka wenyewe ni ule niliomaliza darasa la saba. Waya mwekundu umeenda kwenye mguu usio na nukta. Waya zimesokotwa kushoto, zote mbili, vizuri kabisa, kwa uangalifu. Tuligusa betri, karatasi ikaingia ndani. Nikamwambia Makorokoro arudie. Ikaingia tena. Akaniuliza, "Unataka nirudie mpaka lini, binti?" Nikakaa chini pale pale sakafuni.

Mwaka ule ndio ulioniazimia sare kwa jirani nikafanyie mtihani. Mwaka ule ule yeye alikuwa mahali, kakaa, kainama, anasokota waya kushoto. Nina hasira Mama. Nimeshona vifungo vibaya kiwandani wiki nzima, msimamizi kanirudishia mashati yote.

Kuna jingine. Nilipokuwa sakafuni, nikaigonga tena mara mbili bila kufikiri. Makorokoro akasema, "Hivyo hivyo ulivyoigonga siku uliyoniletea." Nikamwambia mzee, mimi sijawahi kukuletea kitu. Akavaa miwani, akanitazama sana, akavua, akafuta, akavaa tena. Anasema iliuzwa kwake na msichana, kabla ya mvua za mwaka jana. Msichana aliyelia akiiacha. Anasema alikuwa mimi.

Mama, siku ile ya kwanza hakuwa anafanya utani.

Mwanao


29 Aprili

Mwanangu,

Usiinunue. Usirudi pale.

Mama yako


2 Juni

Mama yangu,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Nimekuandikia mara tatu nikachana. Hii naituma hata ikiwa mbaya.

Sijainunua, nilikutii. Lakini kurudi nilirudi, mara moja tu, kumwambia Makorokoro kwamba asinisubiri tena. Nikiwa naongea naye, mtu akaingia nyuma yangu akapita moja kwa moja mpaka kwenye majokofu. Ubao uliolegea ukalia, amplifaya ikaguna, naye akasema taratibu, "Nipo." Akaigonga mara mbili. Alipogeuka nikaona uso wangu, Mama. Sisemi kufanana kwa watu wa ukoo. Hata pengo la meno ya mbele analo. Tukabaki tunatazamana, na Makorokoro katikati akapiga kofi akasema, "Macho yangu mazima! Ni nyinyi ndio mko wawili."

Ana miaka kumi na tisa. Anapiga pasi mashuka hotelini, na kila akilipwa mshahara hupita kuitazama. Alipojua mimi ni nani alitaka kukimbia. Nikamshika mkono. Mkono wake una sugu za gitaa kwenye ncha za vidole, kama wangu.

Baba amekufa. Ni kifua, kabla ya mvua za mwaka jana. Mama wa huyu msichana alifariki yeye akiwa mdogo, kwa hiyo waliishi wawili tu, baba na mwana, chumba kimoja. Baba aliacha bendi, alikuwa anapiga nyumbani tu, jioni, mlango umefungwa. Aliwaambia hana kwao. Nilimuuliza kama aliwahi kututaja. Akafikiri, akasema hapana. Halafu akasema kitu ambacho nimekaa nacho siku zote hizi nisijue nikupe au nikufiche. Anasema alipomwona baba akifunga waya kinyume na kumkosoa, baba alimjibu, "Ndivyo nilivyofundishwa. Fundi wangu alikaa mbele yangu." Akamuuliza fundi gani huyo. Baba akainuka akaenda nje, na siku ile hakupiga gitaa.

Huyu msichana aliiuza kwa sababu ya hofu. Siku waliyotoka makaburini, majirani waliingia chumbani, mtu akakanyaga karibu yake, ikaguna kwa ile sauti yake, na yeye akaitika "Abee Baba" mbele ya watu wote. Tangu hapo ikawa kila ikiguna anaitika. Akaona atapata wazimu. Na alipoiuza, akaona kimya ndicho kibaya zaidi.

Kwa hiyo sasa ndiyo hivi: Makorokoro katurudishia kwa bei aliyoitoa, tukachanga, na iko kwangu chumbani. Yeye huja baada ya kazi. Tunapiga kwa zamu. Tukimaliza tunachomoa plagi, tunasikiliza mpaka inyamaze. Jana niliweka beseni chini kwa nguvu, ikaguna, na tukaitika wote wawili. Tulicheka, kisha hatukucheka.

Ameniuliza kama unajua. Nikamwambia unajua. Akasema, "Anasemaje?" Nimjibu nini, Mama?

Mwanao


18 Juni

Wanangu

Hapana, kalamu imekimbia. Nianze upya.

Kiherehere wangu,

Marahaba. Mimi mzima, kama mzima ni mtu anayekula na kuoga.

Uliuliza umjibu nini. Mwambie nimesema mengi, lakini mengi ya hayo hayaandikiki. Siku barua yako ilipofika niliingia chumba cha kazi, nikalitazama lile koti pale kitini, limekaa kifua mbele kama mwenye nyumba. Nikalitukana. Nilipoishiwa matusi nikalipiga teke. Mwanangu, liliruka! Likaanguka kule karibu na mlango kama boksi tupu la viatu. Miaka yote nimelifuta vumbi kwa kulizunguka, sijawahi kulinyanyua, na mwili wangu uliamini lina uzito. Nikaenda nikachungulia ndani kama mjinga. Hamna kitu. Nikakaa sakafuni nikacheka mpaka jirani akaja, maana mimi sijisikii nikicheka, kumbe nilikuwa napiga kelele.

Sijamsamehe. Msinibembeleze, wala msiniletee maneno ya "marehemu hasemwi." Nitamsema. Alinijua, akanikumbuka, na bado akanyamaza, akawa ananitaja kama fundi wake bila jina kwa mtoto ambaye mimi sikuambiwa yupo. Mwenye kovu usidhani kapoa. Akijaribu kunitokea ndotoni atakutana na chuma cha lehemu kikiwa cha moto.

Lakini huyo mtoto hakuandika barua ya kuja duniani. Na kama aliweza kumkosoa baba yake waya, basi ana jicho. Waombeni huko hotelini wampe ruhusa ya siku chache, na wewe omba kiwandani kwako. Njooni nayo. Kondakta ataipakia, mwambie redio yake nimeshaitengeneza, na kweli nimeitengeneza, bure, nilikuwa sina akili. Koti nimelituma naye pamoja na barua hii. Ivikeni amplifaya njiani isije ikapata vumbi, mshikio utokeze ubavuni. Nililitengeneza kwa kazi hiyo, lifanye kazi yake.

Ile spika msiifungue. Waya mwekundu uacheni hapo hapo ulipo. Nataka kuuona kwa macho yangu, nikishauona nitajua kama naugeuza au nauacha. Na kama msichana anataka kujifunza kulehemu, nitamfundisha. Lakini kiti kile cha mbele ya meza nimeshakitoa nje, mwenye haja nacho akichukue. Atakaa ubavuni mwangu.

Ataniita nani sijaamua. Aanze na "shikamoo," mengine tutayaona.

Mkifika, tutaiweka mezani. Mimi sisikii, mnajua, kwa hiyo nitaweka kiganja kwenye karatasi ya spika. Wewe piga nyuzi zote. Mwenzako achomoe plagi. Halafu mtulie kabisa, mtu asitembee, mtu asiongee, asije akanigusa begani kuniuliza kama naumwa. Itaendelea kidogo, najua. Kwangu mimi imeendelea miaka mingi kuliko mtambo wowote niliowahi kuufungua.

Ikinyamaza mkononi mwangu, nitakuwa nimeambiwa amekufa. Hapo mfungue mlango muwaite majirani, na mmoja wenu abandike uji.

Mama yako